Naomba ushauri: rangi za asili kwa ukindu na nyuzi za pamba

Habari zenu wadau. Mimi na shoga zangu hapa Tanga tunasuka mikeka, na huwa tunakutana uani kwa mmoja wetu kuchemsha ukindu kwa rangi ya unga ya dukani. Hilo tunaliweza. Sasa tunataka kujaribu manjano (kile kiungo cha jikoni), na magome ya mkoko kwa wekundu wa kahawia, tena tutie na nyuzi za pamba za kushonea ukili, yaani ile mikanda iliyosukwa.

Shida ni kushika rangi. Magome yana ukakasi wake unaosaidia rangi kushika, hayo sina hofu nayo sana. Manjano ndiyo yananitia wasiwasi: jua huyapausha upesi, na mkeka haukwepi kuanikwa. Je, shabu (ile chumvichumvi ya mawe ya kushikisha rangi) itangulie, au ichemke pamoja na rangi? Pamba na ukindu vikae sufuria moja, au kila kimoja peke yake? Na kuna mmea gani mwingine wa njano inayodumu?

Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba chumvi tu inatosha. Mimi siamini, ila sufuria kubwa ni yake, kwa hiyo nijibuni kwa hoja za kumshawishi.