Naomba ushauri: nimeulizwa "developmenti iko wapi?" kwenye sonata ya Mozart, nikaduwaa

Kinanda Kibovu:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, mwaka wa sita sasa, nimejifunza kwa sikio na solfa, ile ya d r m. Nyimbo za misa nazimudu. Sasa nimeomba nafasi ya kusomea ualimu wa muziki, na kipande cha usaili ni Sonata ya piano ya Mozart K. 545 (namba yake kwenye orodha ya kazi zake), mwendo wa kwanza, yaani sehemu ya kwanza. Nina miezi miwili nayo, vidole vimekubali. Juzi nikaenda kwa mwalimu mmoja anisikilize. Namaliza, anafuta miwani, ananiuliza: "Developmenti iko wapi?" Nikageuza karatasi mbele na nyuma, nikamjibu labda fotokopi yangu imekatwa. Alicheka mpaka nikajuta kwenda.

Naombeni msaada. Pia kasema mkono wangu wa kushoto "unatwanga". Na kinanda changu kina funguo 61 tu, je, nikope hela nitafute piano? Zimebaki wiki tano.

Besi Nzito:
Pole mkuu. Hilo neno kweli halipo kwenye karatasi, hukukosea kulikosa. Mozart aliiandika sonata hii kwenye daftari lake Juni 26, 1788, akaiita ndogo, ya wanaoanza. Hakuweka popote "hapa eksposisheni". Majina hayo yalikuja kukaziwa na walimu wa nadharia karne ya 19. Usiyatafute kwa macho, fuata doh, ile noti ya nyumbani, inakokwenda.

Mwanzo doh ni C. Imba: d m s, t ya chini, d r d. Hiyo ndiyo mada ya kwanza. Zinakuja skeli, yaani ngazi za noti, za kupanda na kushuka, halafu baa ya 12 (baa ni kipande kati ya mistari miwili ya wima) muziki unasimama kama mtu aliyebisha hodi anasubiri afunguliwe. Baa ya 14 inaingia mada ya pili, na doh imeshahamia G. Unakwenda hivyo mpaka alama ya kurudia, baa ya 28. Yote hiyo ni eksposisheni, sehemu ya kutambulisha mada.

Developmenti, sehemu ya kati ambapo muziki unatangatanga mbali na nyumbani, ni baa ya 29 hadi 41. Baa 13 tu katika 73! Inaanza na kile kimalizio ulichotoka kukipiga, sasa kimegeuzwa G minor, kisha skeli zinahama kutoka doh hii hadi ile. Doh haitulii. Ukiimba solfa hapo utapotea, na ukipotea ujue umefika.

Mtu wa Kona:
Baa 73 kwa mkao mmoja? Huyo Mozart ini lake lilikuwa la chuma 😂

Alto Mstaafu:
Besi Nzito kaeleza vizuri ila kaacha mtego. Baada ya developmenti mada ya kwanza inatakiwa irudi nyumbani, doh C. Ndivyo walivyofanya wengi wa zama hizo za Klasiki. Hapa inarudi baa ya 42, lakini kwenye F! Wasaili wakikuuliza kitu, watakuuliza hicho. Ni ujanja: kutoka C kwenda G ni noti tano juu, kutoka F kwenda C ni noti tano juu vilevile, kwa hiyo mada ya pili inaangukia C yenyewe. Wapo wanaosema alifanya uvivu wa kunakili eksposisheni ilivyo. Wahesabu: eksposisheni baa 28, marudio (kuanzia baa ya 42 mpaka mwisho) baa 32. Hizo nne za ziada kazitoa wapi kama ni uvivu?

Mkono wa kushoto. Hiyo d s m s inaitwa besi ya Alberti, kwa jina la Domenico Alberti, Mtaliano. Ni kodi, yaani noti za kupigwa pamoja, iliyovunjwa vipande ili sauti isife. Si ngoma, kijana. Kidole kidogo kiguse, vingine vipapase tu, kama alto wanaojua kwamba neno liko kwa soprano. Nasema kwa uchungu, nimekuwa alto miaka mingi.

Fundi Spika:
Usikope. Piano aliyokuwa nayo Mozart, ya fundi Anton Walter wa Vienna, ilikuwa na oktavu tano, yaani funguo 61 kama chako. Yake ilianzia F ya chini, chako huenda kinaanzia C. Nyundo zake zilikuwa ndogo, zimevikwa ngozi, sauti inakufa haraka. Pedali ya mguu ya kurefusha sauti haikuwepo, palikuwa na wenzo chini ya ubao unaosukumwa kwa goti.

Kwa hiyo zima zile violini unazochanganya kwenye komunio, zima mdundo, bakiza sauti ya piano peke yake, na pedali itupe chini ya kitanda. Ila kama kinanda hakitofautishi kubonyeza kwa nguvu na kwa upole, azima cha mtu. Na siku chache kabla ya usaili omba piano halisi uzoee uzito wa funguo.

Soprano Jirani:
Kwani Haleluya ya Handel si klasiki? Sisi tunaiimba kila Pasaka.

Alto Mstaafu:
Handel alifariki 1759, huyo ni wa Baroki, zama za kabla ya Klasiki. Klasiki kwa maana ya zama ni takriban 1750 hadi 1820: Haydn, Mozart, Beethoven. Na ile Gloria ya "Misa ya Kumi na Mbili" mnayoandika Mozart kwenye ratiba, wataalamu walishasema si yake. Imbeni tu, ni tamu.

Kinanda Kibovu:
Wakuu, nimerudi. Jana usiku nimepiga huku naimba. Baa ya 29 solfa ikanitoka mdomoni, nikasimama, nikacheka peke yangu. Baa ya 42 nikaanza "d m s" nikakuta doh iko F, nywele zikasimama. Mkono wa kushoto bado unatwanga. Nijaribu na mwendo wa pili, Andante?

Alto Mstaafu:
Huo una besi ya Alberti karibu mwanzo hadi mwisho. Wiki nzima piga kushoto peke yake, usiku, watu wamelala. Akiamka mtu, anza upya.