Tupeane uzoefu: uchovu baada ya kuumia uti wa mgongo

Mleta mada, Morogoro

Ndugu zangu, huu ni mwaka wa 6 tangu nianguke kutoka juu ya mwembe na kuumia uti wa mgongo, na jambo ambalo sikuelezwa siku niliporuhusiwa kurudi nyumbani ni uchovu. Nilifundishwa kujikinga na vidonda vya mgandamizo, kujitoa mkojo kwa mrija kila baada ya saa 4 hadi 6, na kujiinua kitini mara kwa mara, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kuoga, kuvaa na kuhamia kwenye kiti cha magurudumu kungenimalizia nguvu zote kabla ya saa 3 asubuhi. Suruali peke yake ni kazi: najigeuza upande wa kulia navuta, najigeuza kushoto navuta, kisha mguu unakakamaa na kujirusha, nami naanza upya. Nikirudi kulala, nyumbani huniuliza, "Kutwa umekaa tu, unachoshwa na nini?" Swali hilo huniumiza sana, kwa sababu wanaouliza wananipenda. Naomba kila aliyepitia haya atueleze yaliyomkuta.

Mchangiaji, Mombasa

Pole sana, kaka. Mimi niliumia shingoni katika ajali ya bodaboda. Mama hunigeuza usiku kila baada ya saa kadhaa, kwa hiyo hakuna kati yetu anayepata usingizi wa moja kwa moja, na uchovu wangu ni wake pia. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nilikuwa nikikoroma, halafu pumzi inakatika kidogo kabla ya kurudi kwa kishindo. Daktari alitueleza kwamba tatizo hilo huwapata wengi walioumia shingo, na kwamba mtu anaweza kulala saa 8 akaamka amechoka kama hakulala. Tangu nianze kulazwa kwa ubavu, asubuhi zangu zina nafuu. Jambo la pili ni joto. Mwili wangu hautoi jasho chini ya mahali nilipoumia, hivyo wakati wa kaskazi hulegea kabisa ifikapo adhuhuri, na kinachonisaidia ni leso iliyoloweshwa maji na kuwekwa shingoni.

Mchangiaji, Nairobi

Kwangu chanzo kilikuwa dawa. Nilikuwa natumia baklofeni kwa ajili ya misuli kukakamaa na pregabalini kwa maumivu ya neva, na zote mbili huleta usingizi. Daktari alipopanga upya kiasi na saa za kumeza, niliweza kurudi kwenye cherehani yangu nusu siku. Nawasihi, tafadhali, mtu asiache baklofeni ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani inaweza kuleta degedege na hatari kubwa zaidi.

Mchangiaji, Tanga

Mume wangu ndiye mgonjwa. Kwa kuwa hana hisia chini ya kiuno, maambukizi ya njia ya mkojo hayamwumi. Dalili yake ya kwanza ni kuchoka kuliko kawaida na kukataa chai ya asubuhi, kisha mkojo unakuwa na ukungu na miguu inakakamaa zaidi. Siku hizi chai ikibaki kikombeni, nampeleka kupima.

Mleta mada

Asanteni sana, na shikamoo kwa mama wa Mombasa. Mtaalamu wa fiziotherapia aliwahi kunipa dodoso la uchovu lenye sentensi 9, ambazo kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 1 hadi 7, na wastani wa 4 au zaidi huashiria uchovu uliozidi. Nililijaza nikaliweka kabatini. Leo, baada ya kuwasoma, nimemwomba mdogo wangu anisomee sentensi hizo kwa sauti mbele ya wote nyumbani, nami nikawa nataja namba. Hakuna aliyeuliza tena. Kesho atanisindikiza kupima mkojo na wingi wa damu, na majibu nitayaleta hapa.