Tamthilia za Kituruki: hicho mnachotulisha ni Kiswahili cha wapi?

Wakuu, nimevumilia mpaka nimechoka.

Jana usiku nimekaa na mama sebuleni, hapa Tanga, tunaangalia tamthilia yake ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ile ya saa mbili ambayo haikosi hata akiwa na homa. Mzee mwenye nyumba amefariki, jeneza limeshatoka, watu wanaingia kumpa mjane mkono. Jirani wa kwanza anainama, anasema: "Samahani kwa upotevu wako." Wa pili: "Samahani sana kwa upotevu wako." Wa tatu hivyo hivyo. Mama akanigeukia: "Mbona wote wanaomba samahani? Wao ndio waliomuua?" Hakuwa anatania. Alidhani kuna siri ya mauaji imempita, akaisubiri mpaka kipindi kinaisha.

Mimi nimesoma Uturuki miaka minne, mji wa Konya, kwa ufadhili wa serikali yao. Nikiangalia ile midomo, sentensi naijua. Wanasema "başınız sağ olsun". Ndiyo pole yao ya msiba, wanamwombea mfiwa abaki na uzima. Hakuna samahani mle ndani hata chembe. Hiyo samahani imetoka kwa Mwingereza na "sorry for your loss" yake. Maandishi ya tamthilia hizi yakiuzwa nje mara nyingi yanakuwa yameshapitishwa kwenye Kiingereza, na mtu wetu anakitafsiri hicho Kiingereza neno kwa neno bila kujiuliza Mturuki mwenyewe kasema nini, wala Mswahili angesema nini. "Poleni kwa msiba" ilikuwa hapo hapo mezani kwake!

Na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu Kituruki na Kiswahili vinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Mturuki anasema saat, sisi saa. Anasema kitap, kalem, dünya, hesap, sabun, haber. Kuna asiyeelewa? Wote tumechota kisima kimoja cha Kiarabu. Ukiumwa, Mturuki anakwambia "geçmiş olsun", yaani yapite, na sisi tuna "ugua pole". Kwenye runinga yetu mgonjwa anaambiwa "Pata nafuu hivi karibuni", kama anapangiwa tarehe. Ukimkuta fundi kazini, Mturuki anamwambia "kolay gelsin", nasi tuna "pole na kazi", salamu ambayo Mwingereza hana kabisa. Juzi nimesikia fundi seremala anaambiwa "Ichukulie rahisi." Rahisi nini? Msumeno?

Marehemu akitajwa, wao wanasema "Allah rahmet eylesin". Hata mtoto wa madrasa hapa Ngamiani anasikia rehema humo ndani na atakwambia: Mungu amrehemu. Kipindi kinasema "Apumzike kwa amani." Maneno hayo si mabaya, wenzetu Wakristo wanayasema na yana mahali pake. Lakini aliyekuwa anasema ni imamu, kilemba kichwani, msikitini. Ni sawa na mtu atoke Ngamiani kwenda Chumbageni, mitaa ya Tanga hii hii, akipitia Nairobi, halafu akifika amechafuka atulaumu sisi kwamba barabara ni mbaya.

Undugu sasa. Mturuki ana dayı, ndugu wa kiume wa mama, na ana amca, ndugu wa kiume wa baba. Ana teyze, ndugu wa kike wa mama, na ana hala, ndugu wa kike wa baba. Sisi tuna mjomba, baba mdogo, mama mdogo, shangazi. Inalingana kabisa! Mwingereza kawarundika wote kwenye majina mawili, uncle na aunt, na mtafsiri wetu kachukua yale mawili. Kuna mwanamke kwenye tamthilia hii ni mdogo wake mama, tumbo moja, tumeonyeshwa na picha zao za utotoni. Miezi miwili anaitwa "shangazi". Ilipofika kesi ya mirathi, mama na jirani yetu walibishana karibu saa nzima yule mwanamke ana haki gani kwenye mali ya ukoo wa baba, na chanzo chote ni neno moja la uzembe.

Halafu kuna hili ambalo kila nikilikumbuka napandwa na hasira. Kijana anaingia kwa babu yake siku ya Idi. Anapiga magoti, anaushika mkono wa mzee, anaubusu, anauweka kwenye paji la uso. Mtu wa pwani haambiwi maana yake. Na mdomo wetu wa Kiswahili unasema: "Habari za asubuhi, babu." Shikamoo iko wapi? Ile picha yote ni shikamoo!

Siwalaumu waigizaji wa sauti. Wengine wana sauti nzuri sana, na unasikia kabisa wanavyohangaika kuijaza sentensi ndani ya mdomo wa mtu mwingine. Wanasoma walichopewa. Nauliza waliowapa. Sisi si watu wasiojua mazungumzo ya Kiswahili yanavyoandikwa. Mzee Majuto, yule mchekeshaji, mtu wa Tanga hii hii, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa akifungua mdomo unajua huyu mtu amekaa vibarazani. Kila tarehe 7 Julai vituo vyetu vinajipamba kwa Siku ya Kiswahili Duniani, mashairi mpaka usiku, na saa mbili ikifika wanarudi kwenye "upotevu wako".

Msiniambie ni burudani tu. Mtoto wa dada yangu, darasa la pili, alikuja likizo. Kamkumbatia bibi yake mlangoni: "Bibi, nimekukosa sana." Mama akamjibu, "Umenikosa wapi mwanangu? Nilikuwepo hapa hapa siku zote." Mtoto akabaki anamtazama. Hamu anayo, neno la kuisemea hana. Kalitoa wapi lile alilonalo? Kwenye king'amuzi ninachokilipia mimi kila mwezi.

Nimewaandikia kituo husika mara mbili. Mara ya kwanza nimeeleza kwa adabu na mifano. Jibu: "Asante kwa kutazama, endelea kufurahia vipindi vyetu." Mara ya pili kimya.

Ninachotaka ni kidogo. Vijana wa Kitanzania waliosoma Istanbul, Ankara, Bursa wapo wengi na wanatafuta kazi. Wapeni maandishi ya Kituruki chenyewe. Kabla ya kurekodi, mkalisheni chumbani mama mmoja wa makamo asikilize, akikunja uso sentensi irudiwe. Na jina la mtafsiri lionekane mwisho wa kipindi badala ya kukatwa na tangazo la sabuni, tujue nani wa kumshukuru na nani wa kumuuliza.

Tangu Jumatatu naandika kila kosa na dakika yake kwenye daftari. Jana peke yake ni kurasa mbili. Kama na wewe una ya kwako, weka hapo chini na kipindi chake, nitayapeleka yote kwa mkono.