Tuzo za Academy sauti ilipoingia: tuchukue sherehe ya 1929, ya Aprili 1930 au ya Novemba 1930?

TaaYaUkumbi
Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu cha wapenzi wa filamu za zamani kimepata ukumbi kwa jioni moja, na tumekubaliana tuzungumzie Tuzo za Academy za Hollywood (ndizo Oscar) wakati filamu bubu zilipokuwa zinaipisha sauti. Jioni moja haitoshi sherehe zote. Inabidi tuchukue moja, tuieleze vizuri, kisha tuonyeshe filamu yake iliyoshinda.

Ninazo tatu. Ya kwanza kabisa ni ya 16 Mei 1929, hoteli ya Roosevelt, Hollywood. Ya pili ni ya 3 Aprili 1930, hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Ya tatu ni ya 5 Novemba, mwaka huohuo wa 1930, hoteli hiyohiyo. Mimi naelemea ya kwanza kwa sababu ndiyo shina la yote, na Wings, iliyoshinda filamu bora usiku ule, ni filamu ambayo hata kijana asiyezoea filamu bubu ataikalia hadi mwisho. Zile ndege za vita ni ndege kweli, ziko angani kweli, na waigizaji wamo ndani. Wenzangu wawili wananipinga. Naombeni mnisaidie kupima.

Msomaji_Tanga
Mkuu, kama mada ni sauti, ya 1929 itakuangusha. Ile ilikuwa karamu ya chakula cha usiku: wageni kama 270, tiketi dola 5, na kugawa tuzo kwenyewe kulichukua dakika kama 15. Washindi walikuwa wameshatangazwa tangu Februari, kwa hiyo hakuna aliyeingia ukumbini roho juu. Hata redio haikuitangaza.

Na sauti yenyewe iliwekwa pembeni. The Jazz Singer, filamu iliyosikika watu wakiimba na kuzungumza, ilitoka Oktoba 1927, ndani ya kipindi kilichokuwa kinapimwa, lakini Academy waliona si haki kuishindanisha na filamu bubu kwenye tuzo kubwa. Warner Bros., studio iliyoitengeneza, wakapewa tuzo ya heshima, basi.

BintiKisauni
Msomaji, mimi naona kinyume. Hayo unayoyataja ndiyo yanaifanya 1929 iwe na uzito. Usiku ule Hollywood ilikuwa inaiaga filamu bubu, na wengi ukumbini walijua.

Chukua tuzo ya kuandika maelezo yale yanayotokea kwenye skrini kati ya picha na picha. Alipewa Joseph Farnham, na haikutolewa tena milele, maana kazi yenyewe ilikuwa inakufa. Kisha mwangalie Emil Jannings, mwigizaji bora wa kwanza katika historia ya tuzo hizi. Siku ya sherehe hakuwepo, alikuwa ameshakabidhiwa sanamu yake mapema akarudi Ulaya. Mtu aliyeweza kukuliza bila kutamka neno, halafu maikrofoni inakuja, Kiingereza chake kina lafudhi nzito ya Kijerumani, na njia yake Marekani inafungwa hapo. Janet Gaynor, aliyeshinda usiku huohuo kwa filamu tatu kwa pamoja, alivuka akaendelea kung'ara kwenye filamu za sauti. Ukiwaweka hawa wawili mbele ya watu huhitaji maelezo marefu.

FundiMitambo
Nimeshughulika na mitambo ya sauti miaka mingi, na kwangu jibu ni Aprili 1930. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Tuzo zilikuwa 7 tu, na hakuna filamu iliyoondoka na zaidi ya moja. Sasa zitazame moja moja. The Broadway Melody, filamu bora, inazungumza na kuimba mwanzo hadi mwisho, na ndiyo filamu ya sauti ya kwanza kushinda tuzo hiyo. Mary Pickford alishinda kwa Coquette, filamu yake ya kwanza ya kuzungumza. Warner Baxter alishinda kwa In Old Arizona, iliyotoa maikrofoni studio ikaipeleka nje, jua kali na vumbi. Hizo tatu zinaongea.

Nne zilizobaki? The Divine Lady, iliyompa Frank Lloyd tuzo ya mwongozaji bora, ina muziki na milio iliyorekodiwa, lakini waigizaji hawazungumzi. White Shadows in the South Seas, iliyompa Clyde De Vinna tuzo ya upigaji picha, ni ya namna hiyohiyo. The Patriot, tuzo ya uandishi ya Hanns Kräly, ni bubu kwa sehemu kubwa. The Bridge of San Luis Rey, iliyomo kwenye tuzo ya mandhari ya Cedric Gibbons, inazungumza vipande vipande. Tatu kwa nne! Hakuna usiku mwingine unaoonyesha mlango ukiwa nusu wazi namna ile. Mei 1929 bado uko upande wa bubu, Novemba 1930 umeshafika upande wa pili.

Halafu kuna jambo la kifundi ambalo watu hulipita. Wakati wanatengeneza The Broadway Melody, kamera zilikuwa zinanguruma, zikawa zinafungiwa kwenye vibanda ili maikrofoni isinase mngurumo. Okestra ilikaa palepale studio ikipiga huku picha inachukuliwa. Ngoma moja kubwa, The Wedding of the Painted Doll, haikumridhisha Irving Thalberg, mkubwa wa studio ya MGM iliyoitengeneza filamu hiyo, akataka ipigwe picha upya. Badala ya kuita tena okestra nzima, walichukua sauti iliyokwisha kurekodiwa wakaifungulia kwenye spika, na wachezaji wakacheza kuifuata. Fikiria filamu zote za Kihindi tulizokua nazo, mwimbaji amerekodi kwanza na mwigizaji anafuatisha midomo. Wazo la kurekodi kwanza na kupiga picha baadaye lilipata nguvu kwenye ngoma ile. Mimi nikiwa mwendeshaji wa jioni yenu, hapo ndipo ningesimama robo saa nzima.

Na zaidi ya hayo, ndiyo sherehe ya kwanza kutangazwa redioni, kupitia kituo cha KNX cha Los Angeles. Sauti ilikuwa kwenye filamu, na ikawa kwenye sherehe pia.

Kabwela
Fundi umeeleza vizuri, lakini usifiche doa. Aprili 1930 ndiyo sherehe yenye harufu mbaya kuliko zote tatu. Majaji walikuwa watano tu. Orodha ya wanaowania haikutangazwa rasmi, watu walisikia washindi peke yao. Mary Pickford alikuwa mmoja wa waanzilishi 36 wa Academy, mumewe Fairbanks ndiye alikuwa rais wake wa kwanza, na inasimuliwa kwamba aliwaalika majaji chai nyumbani kwao Pickfair. Coquette haikusifiwa na wengi hata wakati ule. Mimi siwezi kuwaita watu ukumbini kusherehekea hilo.

Novemba 1930 kura zilifunguliwa kwa wanachama wote wa Academy. Hiyo tu inatosha kuipa heshima.

BintiKisauni
Kwa hapo Kabwela ana hoja. Na ukipima filamu kwa filamu, All Quiet on the Western Front inaiacha The Broadway Melody mbali sana. Lewis Milestone aliiondoa kamera kwenye kile kibanda, ikatembea tena juu ya mahandaki ya vita. Mizinga unaisikia hadi tumboni. Ilishinda filamu bora na mwongozaji bora, na mwezi mmoja tu baadaye, Desemba 1930, Wanazi wakiongozwa na Goebbels walivuruga maonyesho yake Berlin hadi ikapigwa marufuku Ujerumani. Filamu ngapi zilizoshinda tuzo hii zimeogopwa hivyo?

Msomaji_Tanga
Ongezea kwamba Novemba 1930 ndipo tuzo ya kurekodi sauti ilipotolewa mara ya kwanza. Ilikwenda kwa The Big House, filamu ya gerezani, kazi ya idara ya sauti ya MGM chini ya Douglas Shearer. Dada yake Norma Shearer alishinda mwigizaji bora wa kike usiku uleule kwa The Divorcee. Na Frances Marion, aliyeiandika The Big House, akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya uandishi. Mkuu, kama unataka sauti iliyotambuliwa kama kazi inayojitegemea, ndiyo hiyo.

MwanaNyanza
Wapendwa, mmeiruka moja inayotuhusu moja kwa moja. Sherehe ya nne, 10 Novemba 1931, hoteli ya Biltmore. Cimarron ilishinda, lakini kati ya zilizowania filamu bora ilikuwemo Trader Horn ya MGM, iliyopigwa picha 1929 huku kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Mwigizaji Mutia Omoolu, kutoka Kenya, anacheza mbeba bunduki Rencharo, na alipelekwa hadi Hollywood kwa sababu sehemu nyingi zilirudiwa studio. Ukitazama vizuri utaona yeye ndiye mwenye utulivu na hadhi kuliko wazungu wote waliomzunguka.

Filamu yenyewe imejaa dharau za kikoloni, sitaitetea. Lakini jina la Mutia litajwe. Hadi Hattie McDaniel mwaka 1940, hakuna mtu mweusi aliyewania tuzo hizi kwa uigizaji, na Mutia kazi yake ilikuwa pale kwenye skrini mwaka 1931, kila aliyepiga kura aliweza kuiona.

Na mpiga picha wa Trader Horn ni nani? Clyde De Vinna, huyuhuyu aliyeshinda Aprili 1930. Mwaka mmoja kabla ya kupata sanamu yake alikuwa huku.

FundiMitambo
MwanaNyanza, asante sana kwa De Vinna. Hilo linampa mwenye mada daraja kutoka Los Angeles hadi Maporomoko ya Murchison, Uganda, bila kulazimisha chochote.

Kabwela, doa silifichi. Napendekeza lisemwe wazi ukumbini, kwa sababu lile doa ndilo lililozaa Novemba. Malalamiko ya Aprili yalitangulia, kura za wanachama wote zikafuata miezi saba baadaye. Ukiwaonyesha watu Novemba peke yake wataona tuzo safi, hawatajua zilisafishwa kutokana na nini.

TaaYaUkumbi
Nimewasoma wote. Wings naiweka kando, ingawa inaniuma. Tutachukua Aprili 1930. Maelezo yataanza na Jannings wa BintiKisauni kwa dakika chache, kisha zile tuzo saba, tatu zinazoongea na nne zisizoongea mwanzo hadi mwisho, na chai ya Pickfair nitaitaja kama inavyosimuliwa. De Vinna na Mutia Omoolu watafunga maelezo kabla ya filamu. Dada yangu BintiKisauni, All Quiet tutaitafutia jioni yake, haistahili kubanwa.

Swali la mwisho: kipande cha The Patriot kinapatikana wapi? Ningependa waone mfano wa zile nne.

Msomaji_Tanga
The Patriot usiitafute, imepotea. Vimebaki vipande tu, na ndiyo filamu pekee iliyowania tuzo ya filamu bora ambayo haipo tena nzima. Chukua The Divine Lady, vile vita vya merikebu vitawatosha.

FundiMitambo
The Broadway Melody ni kama dakika 100, na Marekani haki zake zimeshakwisha tangu Januari 2025, kwa hiyo nakala nzuri zipo. Waambie watu mapema kwamba The Wedding of the Painted Doll ilipigwa kwa rangi, ila ile ya rangi haikusalimika. Wataiona nyeusi na nyeupe. Na spika ziweke mbele chini ya skrini, usizitawanye ukumbini. Sauti ile ilirekodiwa itoke sehemu moja.