Kengele ya Kengeleni ilikuwa ya nini hasa?

MamaPacha: Salaam jamani. Jumamosi tulikuwa kwenye matatu ya Bamburi, hapa Mombasa, utingo akaita, "Kengeleni, wa kushuka!" Mwanangu wa Gredi ya 5 akaniuliza kama kengele yenyewe ni ya shule. Nikamwonyesha ule mnara wa njia panda, basi, sikuwa na la kuongeza. Mimi nimeolewa huku miaka minne tu. Wenyeji nisaidieni. Na Frere Town, mtaa wenyewe ilipo kengele, ndiyo "Free Town", mji wa walio huru?

Babu wa Mkomani: Karibu Pwani, mwanangu. Si Free, ni Frere: Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyekwenda Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Soko likafungwa, lakini majahazi yaliendelea kusafirisha watu kwa kificho. Manowari za Waingereza zilipoyakamata, waliokombolewa hawakuwa na pa kurudi. Wengine walitekwa wangali wadogo, hata jina la kijiji chao hawalijui. Ndipo mwaka 1875 wamishonari wa CMS, shirika la kimishonari la Kanisa la Uingereza, wakawaanzishia makazi hapa ng'ambo ya kisiwa. Kengele ilikuwa ya kutahadharisha: ikilia, jahazi la watumwa limeonekana, kila mtu na ashike mwanawe.

Nyanya yangu alinitisha nayo. "Ukizurura magharibi, utaisikia." Sijaisikia hata siku moja, na bado nikipita pale jioni huongeza mwendo.

Nyanya za Jumla: Shikamoo mzee. Mimi nauza sokoni Kongowea, napita hapo kila alfajiri. Miaka yote nikidhani ni ya kanisa!

Babu wa Mkomani: Marahaba. Kanisa ni Emmanuel, liko huko huko Frere Town, nalo halifai kurukwa. MamaPacha, ukiwatoa watoto, malizieni Mkomani kwenye kaburi la Rosine, mkewe Krapf, yule mmishonari Mjerumani. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo homa ikamchukua yeye na bintiye mchanga. Miaka 31 kabla ya Frere Town! Mimi hapo ndipo hukaa kitako. Nendeni alasiri, jua la saa saba halina mchezo.

MamaPacha: Asante sana baba. Mtoto sasa anauliza kama ataruhusiwa kuipiga.

Babu wa Mkomani: Kwa honi za matatu za pale? Hata akiipiga, nani atamsikia.