Eti nimeacha kazi mwenyewe, na juu yake nadaiwa shilingi 3,250!

Jamani, leo mtanivumilia. Hasira hizi nimelala nazo wiki tatu na kila asubuhi zinaamka kabla yangu.

Miaka 9 nimetandika vitanda katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Jina silitaji. Kila mwaka Pasaka ikipita, kusi likianza kuvuma na mwani kujaa ufuoni, Waitaliano hufunga mizigo na sisi hupelekwa likizo bila malipo mpaka Julai. Tumezoea. Huyu anapika mahamri na mbaazi, yule anashona makuti, msimu ukirudi nasi tunarudi.

Mwaka huu barua ya likizo hatukuiona. Tarehe 11 Aprili tuliitwa ofisini mmoja mmoja, mlango unafungwa nyuma yako. Meneja akanivisha kilemba cha ukoka: "Dada, wewe ni nguzo ya hoteli hii." Halafu akaja na lake. Hoteli inapangwa upya, atakayeandika barua ya kuacha kazi leo ndiye atakayeitwa wa kwanza Julai, na asiyeandika hana ahadi naye. Ile "kuandika" yenyewe ilikuwa uongo, maana barua ilikuwa tayari mezani, kwa Kiingereza, imeachwa nafasi ya jina, nambari ya kitambulisho na sahihi tu. Nina watoto watatu na karo ya muhula wa pili inagonga mlango. Nilisaini.

Jumamosi nikaenda kuchukua changu. Mshahara wangu ni 19,500, yaani 650 kwa siku. Siku 11 za Aprili, 7,150. Siku 14 za likizo nilizokuwa sijazichukua, 9,100. Jumla 16,250. Nikanyosha mkono. Dada wa hesabu hakunitazama usoni, akageuza karatasi nione mstari wa chini: toa 19,500, badala ya notisi. Eti barua yangu inasema naacha kazi "kuanzia leo", kwa hiyo sikuwapa notisi ya mwezi mmoja, kwa hiyo nawalipa mimi. Miaka 9, natoka na deni la 3,250! Akaniambia kwa upole kabisa kwamba hoteli imeamua kunisamehe.

Kunisamehe!

Nikauliza servisi. Jibu: wewe ni mwanachama wa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, servisi haikuhusu. Na hapo, kwa uchungu wangu, hakudanganya. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35, inampa mfanyakazi malipo ya kila mwaka aliotumikia, kisha papo hapo inawatoa walio NSSF au kwenye mfuko wa pensheni. Sawa. Nikaomba taarifa ya michango yangu. Kwenye karatasi za mshahara mchango umekatwa kila mwezi niliolipwa bila kukosa, siku hizi asilimia 6, yaani 1,170 yangu, na mwajiri alitakiwa atie nyingine kama hiyo. Kwenye taarifa, miezi 7 kati ya hiyo ni mitupu. Yaani servisi nanyimwa kwa sababu nina NSSF, na hiyo NSSF yenyewe walikuwa wanaitia mfukoni.

Hata hicho kilichofika siwezi kukigusa. Mpaka nifike miaka 50. Nina 34.

Sasa angalieni kile ile karatasi moja ilichonila. Wangesema ukweli, kwamba wanapunguza watu, kifungu cha 40 kinawabana: notisi ya mwezi kwangu na kwa afisa wa kazi, likizo yangu ilipwe, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Siku 15 mara miaka 9 ni siku 135. Mara 650 ni 87,750. Badala yake wametumia karatasi moja na wino wa kalamu yangu mwenyewe.

Najua mtu ataniuliza kuhusu pesa za serikali za asiyekuwa na kazi. Kenya hakuna. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inataja haki ya hifadhi ya jamii, maneno matamu, lakini hakuna dirisha la mtu aliyepoteza kazi jana. SHIF, bima ya afya, wanakata asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na siku ukikosa kazi hakuna mfuko hata mmoja unaokujua. Binamu yangu wa Tanga akanicheka: kwao NSSF ina fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, ukiwa umechangia angalau miezi 18. Nikamwonea wivu mpaka aliponimalizia sharti: uwe hukuacha kazi kwa hiari yako. Basi hata ningezaliwa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, barua ile ingenifuata huko huko.

NYONGEZA, usiku: Nimesoma majibu yenu. Wewe uliyeandika "si ungekataa kusaini", njoo ukae kwenye kile kiti wewe, na mwenye duka la nyumbani kwenu akiwa ameshafunga daftari la mkopo, kisha unifundishe kukataa.

Wengine mmenisaidia, Mungu awalipe. Nimeenda kwa afisa wa kazi. Kanisikiliza vizuri, kaniambia mahakama zetu zinakubali kwamba mtu anaweza kusukumwa mpaka "akaacha mwenyewe" na ikahesabiwa amefukuzwa. Mahakama ya Rufani ilishalikubali jambo hilo 2015. Kasoro ni kwamba kuthibitisha ni juu yangu, na nina miaka 3 ya kudai kabla mlango haujafungwa. Akaniuliza: una shahidi? Mle ofisini tulikuwa wawili tu.

Nikarudi nyumbani nimekufa moyo. Jioni mwenzangu wa jikoni akanitumia picha ya barua yake. Nikaiweka kando ya yangu. Maneno yale yale, tarehe ile ile, na neno moja la Kiingereza katika mstari wa tatu limekosewa herufi ile ile. Tunao wanne sasa. Watu wanne wa idara tatu tofauti, mmoja hajui kusoma Kiingereza, wote tumeamka siku moja tukaamua kuacha kazi na kukosea herufi pamoja?

Walioitwa ofisini siku ile ni zaidi ya ishirini. Kama una barua yako, hata ikiwa imekunjwa chini ya godoro, usiichane kwa hasira. Ipige picha na unitumie inboksi. Jumatatu saa mbili asubuhi tuko nje ya ofisi ya kazi.