Beki akibadilisha timu sita mnamwita mamluki. Mkataba wake mmeusoma?

Wakuu,

Mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa tetesi za usajili, hapa hakuna tetesi.

Kila dirisha likifunguliwa ni yale yale. Beki wa kati wa miaka 29 anatambulishwa timu yake ya sita, kashika jezi mbele ya bango la mdhamini, na chini ya picha maoni yanamiminika: mamluki, hana mapenzi na timu, kila msimu jezi mpya, huko kote katemwa. Asubuhi yake wachambuzi wa redio, watu wenye namba za simu za viongozi wote wa Ligi Kuu Tanzania, wanarudia hayo hayo ya mitandaoni. Hakuna anayejisumbua kuuliza mkataba wa timu ya nne ulivunjwaje mwezi Januari. Mnaboa.

Beki wa timu ya nafasi ya 11 hahami kwa kupenda. Anahamishwa na karatasi. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinaruhusu mkataba wa hadi miaka 5, na ufupi wa mwisho ni kuanzia siku ya usajili hadi msimu unapoisha. Sasa timu zetu nyingi zikikaa na beki zinakimbilia huo ufupi wa mwisho. Winga wa miaka 20 anapewa miaka mitatu kwa sababu wana matumaini ya kumuuza. Kitasa (beki wa kati) cha miaka 29 nani atakinunua? Anapewa msimu mmoja "wenye kipengele cha kuongeza mwaka kwa hiari ya klabu". Someni hilo neno hiari ya nani. Akicheza vizuri, klabu inamshikilia kwa mshahara ule ule wa mwaka jana. Akiumia kano ya goti mwezi Oktoba, matibabu na mazoezi ya kurudi ni miezi sita hadi tisa, mkataba unamfia kitandani na Juni anapewa "thank you" yenye picha nzuri na emoji ya mikono. Halafu fungueni ukurasa wa bonasi: mabao, pasi za mabao, basi. Mechi ambazo timu haikuruhusu bao hazipo kabisa, au zimeandikwa kwa kipa peke yake. Ina maana mikwaju yote ile kipa alikuwa anaizuia akiwa mwenyewe uwanjani.

Tufanye hesabu, mfano tu, ili tuelewane. Mshahara 1,500,000 kwa mwezi, miezi 10, Agosti hadi Mei. Dau la usajili 12,000,000 kwa awamu tatu za milioni nne: siku ya kusaini, Desemba na Machi. Jumla ya mkataba ni 27,000,000. Agosti, Septemba na Oktoba mshahara unaingia. Novemba kimya. Desemba kimya, na awamu ya pili ya dau kimya. Hadi hapo amepokea 8,500,000, na deni ambalo tarehe yake imeshapita ni 7,000,000.

Sasa angalieni mchezo unavyochezwa. Dirisha dogo kwa misimu mingi limefunguliwa katikati ya Desemba na kufungwa 15 Januari. Tarehe 13 anaitwa ofisini. Kocha mpya hamhitaji, na kuna timu nyingine inamtaka kweli. Anawekewa barua ya kurasa mbili mezani, "makubaliano ya pande mbili ya kusitisha mkataba". Ukurasa wa kwanza umejaa shukrani. Sentensi yenye sumu ipo ukurasa wa pili, juu kidogo ya sehemu ya sahihi: "Mchezaji anathibitisha kuwa hana madai yoyote dhidi ya klabu." Akisaini anapewa 2,000,000 taslimu na barua ya kuondoka. Asiposaini, dirisha linafungwa naye yuko jukwaani hadi Juni, na hizo milioni saba zake ataendelea kuzungushwa.

Anasaini. Wewe ungefanyaje na siku mbili zimebaki? Kwenye mkataba wa milioni 27 ameondoka na 10,500,000. Zilizobaki 16,500,000 amezisamehe kwa mkono wake mwenyewe, na lile deni la milioni saba limo humo humo. Kesho yake mtandaoni: "Kavunja mkataba kafuata hela." Hela ipi?

Mtasema aende FIFA. Hapa ndipo hasira yangu inapopanda zaidi. Kanuni ya 14bis inasema mishahara miwili ya mwezi ikipita tarehe bila kulipwa, mchezaji anaipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15 angalau, zikiisha bila malipo ana sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Nzuri sana. Lakini FIFA inasikiliza mgogoro wa mchezaji na klabu ukiwa na sura ya kimataifa. Beki Mghana au Mkongomani aliyeko Ligi Kuu anafungua shauri akiwa amekaa kwao, ana miaka miwili ya kufanya hivyo, na akishinda klabu inapewa siku 45 kulipa, isipolipa inafungiwa kusajili, hadi madirisha matatu. Ndiyo maana kila mkikaribia dirisha mnasikia klabu fulani inahaha kulipa mgeni aliyeondoka zamani. Beki wa Mbeya aliyekuwa anacheza pembeni ya huyo mgeni, mkataba wa aina ile ile, deni la miezi ile ile, yeye anakwenda Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF (shirikisho la soka la Tanzania), inayokaa ikipangiwa kukaa. Mnataka kujua klabu inalipa nani kwanza?

Kumbukeni sakata la Feisal Salum na Yanga. Yule ni kiungo, tena nyota, akarudisha milioni 112 akitaka kuondoka Desemba 2022, na kamati ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Alitoka Juni mwaka uliofuata klabu zilipoelewana. Sibishani nani alikuwa sahihi pale. Ninachosema, yule alikuwa na wanasheria na nchi nzima ikimzungumzia. Beki wa timu inayopigania isishuke ana nani?

Kuna na hili ambalo hata mawakala wengine hawalijui. Kwa kanuni za FIFA, ndani ya msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu tatu kwa juu kabisa, lakini mechi za mashindano ni kwa klabu mbili. Beki aliyecheza hata dakika tano Agosti kwenye timu A, akahamia B Januari na kucheza, B ikimtema Machi ndiyo imetoka. Msimu umeisha kwake. Nyinyi mnaona "amekosa timu".

Mkopo nao ni balaa. Klabu mama inasema tutalipa nusu, mkopaji anasema tutalipa nusu, makubaliano yenyewe yamefanyika kwa simu. Kila mwezi mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Kanuni inataka mkopo uandikwe, usizidi mwaka mmoja, na aliyekopwa asikopeshwe tena kwingine. Nani anaisoma?

Na wakati mwingine beki hahami kabisa, ni timu inayomhama! DTB ikawa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate, baadaye Fountain Gate, makazi Babati. Ihefu ya Mbarali ikahamia Singida ikawa Singida Black Stars. Kitayosce ikawa Tabora United, kisha TRA United. Mtu akiangalia wasifu wa mchezaji kwenye mitandao ya takwimu anahesabu majina anasema "timu saba", kumbe nyingine ni mkataba mmoja. Tabora United ndiyo ile iliyoanza ligi Agosti 2023 kwa Azam ikiwa na wachezaji 8, mechi ikavunjika mapema ikiwa 4-0. Walicheka sana watu humu. Wachezaji waliosajiliwa na usajili wao haujakamilika walikuwa wapi siku ile? Jukwaani. Kwenye takwimu zao mechi hiyo ni sifuri, na msimu ukiisha mtauliza mbona hakucheza mechi nyingi.

Kwa wale wa hoja ya "jina la klabu linaweza kubadilika lakini haki ya kudai haipotei": kisheria ni kweli. FIFA inatambua mrithi wa kimichezo, inaangalia jina, rangi, makao, wamiliki, wachezaji na ligi anayocheza, na mrithi anabeba madeni. Ila ni lazima mchezaji awe na mkataba wenye jina sahihi la aliyemwajiri. Ukikuta mkataba una nembo ya zamani, muhuri mpya na sahihi ya mtu ambaye hayumo kwenye uongozi wowote, hapo utakimbizana na kivuli.

Tuje uwanjani, maana mnapenda kusema "beki kachoka". Beki wa kati hachezi peke yake. Anatakiwa ajue mwenzake akitoka kumfuata namba 9 yeye anabaki au anasogea; nani anapiga kelele mstari upande; kipa anatoka kwenye krosi au anabaki golini; beki wa kushoto akipanda nani anafunika lile pengo. Haya yanajengwa kwenye wiki sita za maandalizi. Aliyekuja dirisha dogo hana hizo wiki. Anaingia Jumatano, Jumamosi anapangwa na mtu ambaye bado wanaitana "wewe", kiwanja kina mabonde, mstari unachelewa hatua moja, bao. Kamera inamwonyesha yeye akiwa wa mwisho kwa sababu ndiye aliyejaribu kukimbia kuokoa! Mwenzake aliyemwacha mtu aende haonekani hata kwenye marudio.

Sasa mnipe jibu moja. Pascal Wawa alikuwa nani? ASEC Mimosas, Al Merrikh ya Sudan, Azam, akarudi Al Merrikh, Simba 2018, kisha Singida Big Stars. Kwa kipimo chenu ni mzururaji wa daraja la kwanza. Mwaka 2015 Azam wanachukua Kombe la Kagame pale Dar, fainali 2-0 na Gor Mahia, hawakufungwa hata bao moja mashindano mazima, ukuta ule Wawa alikuwemo. Shomari Kapombe naye alitoka Simba akaenda AS Cannes kule Ufaransa 2013, akarudi nchini kwa jezi ya Azam, na 2017 akaingia tena Msimbazi, yaani Simba, pamoja na Manula, Bocco na Erasto Nyoni. Simba ikabeba ligi misimu minne mfululizo. Msimu wa 2020/21 kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kundi lenye Al Ahly na AS Vita ya Kongo, Simba ilifungwa mabao 2 katika mechi 6, ikaongoza kwa pointi 13. Katikati alikuwepo Wawa na Joash Onyango aliyetoka Gor Mahia. Ndiyo, najua Kaizer Chiefs walitupia nne kule Johannesburg robo fainali, msinikumbushe. Lakini ukuta ule ulijengwa na watu waliotoka kwingine, na hamkuwaita mamluki kwa sababu walikuwa wanashinda. Huyu wa Namungo au Mashujaa anayehama kwa sababu hajalipwa ndiye mnayemtukana.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza PM (ujumbe binafsi) hiyo notisi ya siku 15 inaandikwaje. Bora niiweke hapa wote waione.

Ukurasa mmoja unatosha. Tarehe juu. Taja mkataba kwa tarehe uliosainiwa na namba ya kipengele cha malipo. Kisha orodhesha deni mwezi kwa mwezi: kiasi, na tarehe kilipotakiwa kuingia. Usiandike "mnanidai mishahara yangu", maana kwanza ni wao wanaodaiwa, pili jumla isiyo na mchanganuo wanaibishia wiki tatu. Weka namba ya akaunti. Wape siku 15 na useme wazi kwamba zikiisha utasitisha mkataba kwa sababu halali. Ambatisha taarifa ya benki. Zile pesa zilizotumwa kwa simu kutoka namba binafsi ya mhasibu nazo ziorodheshe, usizifiche, wataziibua wenyewe na utaonekana mwongo.

Tuma kwa barua pepe rasmi ya klabu, siyo WhatsApp ya katibu. Nakala TFF, nyingine SPUTANZA, chama cha wachezaji. Na siku zote 15 nenda mazoezini. Ukisusa siku mbili tu unaandikiwa utoro kazini na deni linageuka kesi dhidi yako. Wakikuzuia getini, piga picha ukiwa hapo saa ya mazoezi, na uwaandikie jioni hiyo hiyo kwamba ulifika ukazuiwa.

Nakala ya karatasi peleka ofisini, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako pia. Mapokezi wakikataa kugonga, tuma kwa EMS ya Posta, risiti yake ina tarehe.